Mpango wa kuinua kusoma shuleni: tunamwandikia mtoto au tunaliandikia faili?

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi. Wilaya imeleta agizo: kila shule iandae mpango wa miaka mitatu wa kuinua kusoma, kisha mipango yetu iunganishwe iwe mpango mmoja wa wilaya. Fomu imekuja na safu zake: lengo, shughuli, mhusika, muda, gharama, kiashiria, maoni. Tumepewa wiki tatu.

Sitawaficha, niliijaza kwa usiku mmoja. Nilifungua mpango wa awamu iliyopita nikabadilisha miaka. Lengo: kupandisha ufaulu wa kusoma kutoka asilimia 58 hadi 75. Hiyo 75 hata sijui niliitoa wapi, ila inapendeza machoni. Shughuli: kuhamasisha wazazi, kuendesha semina elekezi, kuimarisha ufuatiliaji. Mhusika: walimu wote. Na kazi ya wote mnajua huwa ya nani.

Kesho yake mwalimu wa darasa la tatu akaumwa, nikamshikia kipindi. Nikamwita kijana mmoja asome. Akasoma ukurasa mzima, sauti safi, kidole kinatembea chini ya mstari. Ila nikagundua kidole kinautangulia mdomo. Nikaufunika ukurasa kwa kiganja, nikaacha neno la mwisho tu. "Hili ni neno gani?" Kimya. Halafu nikamsikia ananong'ona, anaianza hadithi upya tangu mwanzo, neno kwa neno, mpaka akafika: "Nyumbani!" Ukurasa mzima alikuwa ameukariri kama wimbo.

Nikaona hapana. Nikakaa nje chini ya ukuta na kiti na aya fupi niliyoitunga mwenyewe, nikawaita mmoja mmoja, kama dakika tatu kila mtoto. Siku mbili. Darasa lina watoto 54. Walioisoma ile aya na kunieleza imesema nini: 17. Waliokuwa wanaunga silabi kwa taabu, na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshawatoka: 22. Waliokwama kwenye neno mojamoja au hata herufi: 15.

Na darasa hilohilo ndilo lililotubeba mtihani wa muhula. Maswali yalikuwa ya kuchagua a, b, c.

Sasa nimerudi kwenye fomu na ile 75 inanikodolea macho. Aliyewahi kuona mpango wa kusoma uliofanya kazi kweli, shuleni au wilayani, aje na nondo. Porojo za semina ninazo za kutosha.

#2 Dawati la Nyuma

Naweka kambi hapa. Huyo kijana ni mimi kabisa. Darasa la pili nilisoma kitabu nimekishika juu chini na mwalimu akaniambia darasa linipigie makofi.

#3 Mkaguzi Mstaafu

Mwalimu Chaki, hiyo karatasi yako ya 17, 22 na 15 ina uzito kuliko mipango mingi niliyowahi kugonga muhuri. Nimekagua shule miaka mingi. Nilikuwa nikifika, naletewa faili la mpango mkakati, limefungwa vizuri. Nikimuuliza mwalimu wa darasa la pili "nitajie watoto watano wasiojua kusoma", anaanza kuangalia dari. Wengine walikuwa wanawajua sana, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mpango wa kusoma ninauliza mambo matatu tu. Nani hasomi, kwa jina? Anakwama wapi hasa? Kesho saa ngapi, na nani, anakaa naye? Kama safu saba za fomu haziwezi kunijibu hayo, hiyo ni barua ya kuomba kuachwa kwa amani.

Wahindi wa shirika la Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1995, walijenga kazi yao juu ya jambo hilohilo ulilofanya ukutani. Ukurasa mmoja: herufi, maneno, aya nyepesi, hadithi fupi. Mtoto anapandishwa hatua mpaka pale anapokwama, basi hapo ndipo kundi lake. Utafiti wao wa majumbani, ASER, ulianza 2005, na tathmini ya Uwezo ya Afrika Mashariki ikafuata nyayo hizo. Utamu wake uko baada ya kupima. Kwa saa moja kila siku watoto wanaacha madarasa yao na kukaa kwa ngazi: wa darasa la tatu, la nne na la tano waliokwama kwenye maneno wanakaa pamoja. Ila ili hilo liwezekane, madarasa hayo matatu lazima yawe na kipindi hicho saa ileile. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wako ni ratiba. Ukishindwa kuihamisha ratiba, hayo mengine yote ni maneno.

Jambo la pili nitalisema japo litawaudhi wakuu wa shule. Mwalimu mahiri kuliko wote yuko darasa la mwisho, anawanoa watoto kwa ajili ya mtihani. Aliyeripoti mwezi jana, bado mgeni, tunamtupa darasa la kwanza kwa sababu "kule ni a e i o u tu". Halafu tunashangaa.

#4 Mzee wa Hoja

Mkaguzi, nakubali, lakini mwalimu mmoja watoto 54. Hayo makundi nani atayasimamia? Malaika?

#5 Mkaguzi Mstaafu

Ndiyo maana saa ni moja kwa madarasa yote, Mzee wangu. Mwalimu wa hesabu anachukua kundi, wa sayansi anachukua kundi, mwalimu mkuu naye anatoka ofisini anachukua kundi. Kwa 17 wanaosoma vizuri hahitajiki fundi. Wape vitabu na mtu wa kuwauliza wamesoma nini. Mwalimu mwenye uwezo mkubwa apewe wale 15.

#6 Kinara wa Imla

Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili, mwaka wa kumi na mbili huu, na sijawahi kuomba kuhamishwa. Naomba nizungumzie hilo la "anakwama wapi", maana watu wengi wanasema "hajui kusoma" kama vile ni ugonjwa mmoja.

Chaki, wachukue wale 15 na kuwapa imla ya maneno kumi. Imla haidanganyi. Utaona mmoja kaandika "shaba" badala ya "shamba". Huyo hana shida na herufi, masikio yake hayajaitenga ile m iliyojificha mbele ya b. Mwingine kaandika "gazi" kwa "ngazi", "dama" kwa "ndama". Huyo naye ni yuleyule, mwambatano wa sauti umempita. Yupo atakayeandika "sule" kwa "shule", huyo hajui kuwa herufi mbili zinaweza kushikana zikatoa sauti moja. Na yupo atakayekupa "ktb" kwa "kitabu". Huyo hajashika irabu, na bila irabu hakuna silabi. Watoto wanne, sifuri nne, dawa tatu tofauti. Kwenye mtihani wa asilimia wote wameandikwa "hajafaulu".

Kuna na lile la majina ya herufi. Mtoto amefundishwa kuimba "be, che, de". Mpe "ba" asome: "be... a... bea." Anafanya hesabu sahihi kwa namba tulizompa sisi! Mfundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake na utaokoa miezi.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati tusiyoitumia. Irabu tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki asubuhi wala jioni. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Kwenye lugha ambazo tahajia yake ni nyoofu, wengi walikuwa wanasoma maneno kwa usahihi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule. Wa Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili kiko upande wa lugha nyoofu. Kwa hiyo mpango unaoandika "mtoto ajue kuunga silabi kufikia mwisho wa darasa la tatu" umejipa likizo.

#7 Mama Mapacha

Nasoma tu kimyakimya ila hapo kwenye "kuhamasisha wazazi" nimeguswa. Nimehamasishwa mara tatu. Tunaitwa, tunaketi kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu, tunaambiwa elimu ni ufunguo wa maisha, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia: jioni ukimaliza kazi, fanya hivi na mwanao kwa dakika kumi.

Mimi niliishia kidato cha pili, kusoma najua. Jirani yangu hajui. Yeye amehamasishwa afanye nini?

#8 Kinara wa Imla

Mama Mapacha, umenipa aibu kwa niaba yetu wote. Kwako: mtoto akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, akikosea usimrukie, mwache amalize neno, halafu mwambie "hebu rudia hili". Mwisho muulize swali moja ambalo jibu lake haliko kwenye picha. Kwa jirani yako: asikilize. Kazi yake ni kukaa karibu, kumwambia mtoto asome tena ile sehemu aliyoipenda, na kumuuliza "halafu ikawaje?" Asiyejua kusoma anajua sana hadithi ikikatika. Hilo shule ilipaswa kuwaonyesha kwa vitendo, mtoto halisi na mzazi halisi mbele ya mkutano, dakika tano, basi.

Na shule iwape kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Nitarudi kwenye vitabu, maana hapo nina hasira yangu.

#9 Ofisini Wilayani

Salaam. Niko upande wa pili wa meza, nikae kimya nitaonekana mwoga.

Mnatucheka na safu zetu saba. Sawa. Lakini shule ni nyingi, gari ni moja na mafuta yanaisha kabla ya mwezi. Nitajuaje nipeleke wapi nguvu bila kuwa na asilimia? Nikipokea majina ya watoto kutoka kila shule nitayafanyia nini? Na wakubwa wangu wanaponiuliza "wilaya imepanda kwa kiasi gani", siwezi kuwajibu kwa hadithi ya kijana aliyekariri ukurasa, hata kama imenichoma.

#10 Babu Kurasa

Ofisini, hoja yako ina mashiko. Wilaya lazima ihesabu. Tatizo ni kinachohesabiwa na kinachofuata baada ya kuhesabu. Nina mifano mitatu. Ni ya kweli, na si malaika waliofanya.

Wa kwanza ni Sobral, mji wa jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil. Si mji wa matajiri. Miaka ya 2000 mwanzoni walipima wakakuta karibu nusu ya watoto waliopita madarasa ya mwanzo hawajui kusoma. Walichofanya kinachosha kukisimulia kwa sababu hakina mbwembwe: lengo likawa moja, kila mtoto asome mapema, na kila mtu kuanzia meya alilijua. Wakuu wa shule wakaanza kuchaguliwa kwa usaili na uwezo, si kwa kujuana na mwanasiasa. Manispaa ikawa inapima watoto yenyewe mara kwa mara, ikitumia watu ambao si walimu wa watoto hao. Mwaka 2017 Sobral iliongoza nchi nzima kwenye kipimo cha taifa cha madarasa ya chini, alama 9.1 kati ya 10. Na jimbo la Ceará, tangu sheria ya 2007, linagawa sehemu ya mapato ya kodi kwa manispaa kwa kuangalia matokeo ya elimu. Ukitaka meya aamke alfajiri kuulizia silabi, hiyo ndiyo dawa.

Wa pili ni Mississippi, Marekani. Mwaka 2013 darasa la nne lao lilikuwa na wastani wa alama 209 kwenye mtihani wa taifa wa kusoma, karibu na mkia kabisa. Mwaka huohuo wakapitisha sheria. Walimu wakafundishwa upya jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, na jimbo likatuma makocha wa kusoma kwenye shule zilizokuwa hoi zaidi. Kocha haji na fomu, anakaa darasani, anaonyesha somo, wiki ijayo anarudi. Mwaka 2019 walifika 219, sawa na wastani wa nchi.

Wa tatu ni wa jirani, mpango wa kusoma wa Tusome nchini Kenya, ulioanza mwaka 2015. Kila mtoto na kitabu chake, kila mwalimu na mwongozo wa somo kwa somo. Maofisa wa elimu wanaozifuatilia shule wakapewa vishikwambi wakae darasani, wasikilize watoto watatu wakisoma, na malipo ya nauli yao yafuate ziara walizofanya. Ofisini, hapo ndipo pa kuiba wazo. Ofisa wako akifika shuleni asiulizie faili, aulizie watoto watatu wasome mbele yake, achague yeye mwenyewe kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Takwimu zako zitatoka humo, na utakuwa umezisikia kwa masikio.

#11 Mzee wa Hoja

Babu, umesahau kusema kwamba Mississippi mtoto asiyefaulu kusoma darasa la tatu haruhusiwi kuvuka. Ukiwazuia wadhaifu, darasa la nne litapanda hata ukilala. Watu wengi wamewauliza swali hilo.

Na msituletee malengo ya asilimia bila kutaja Atlanta, mji wa Marekani. Wilaya ya shule ya huko ilisifiwa kwa alama kupanda, mkuu wake akapewa tuzo. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo wakasema walimu na wakuu 178 katika shule 44 walihusika kuchakachua mitihani. Walikuwa wanafuta majibu ya watoto kwa kifutio na kujaza yaliyo sahihi. Mwaka 2015, 11 wakatiwa hatiani mahakamani. Wote hao walikuwa na mpango, malengo na viashiria, tena vizuri kuliko vya Chaki.

#12 Babu Kurasa

Nakubali yote mawili. La kukaririsha darasa ni sehemu ya hadithi na sikupaswa kuliruka. Mimi mwenyewe silipendi, mtoto ambaye hatukumfundisha ndiye anayelipa. Ila miaka inapita na waliorudia nao wanafika darasa la nne mwaka unaofuata, kwa hiyo haielezi kila kitu.

La Atlanta ndilo zito. Ukimwambia mwalimu "lete asilimia au kazi yako iko mashakani", atakuletea asilimia. Kwa hiyo anayepima kwa ajili ya kufundisha awe mwalimu, na matokeo yake yasiwe na adhabu yoyote. Anayepima kwa ajili ya wilaya awe mtu mwingine, kwa watoto wachache waliochaguliwa bila kupanga. Vitu hivi viwili vikichanganywa kwenye daftari moja, vyote vinaoza.

#13 Ofisini Wilayani

Hapo nimeshika. Swali dogo: kuna mwenzangu anataka tuweke kiashiria cha maneno kwa dakika. Ametoa namba kwenye chati ya Kiingereza. Tuitumie?

#14 Kinara wa Imla

Usithubutu! Hesabu na mimi: "hawatatusomea". Neno moja. Lipeleke kwenye Kiingereza upate maneno matano au sita. Mtoto wa Kiswahili akisoma maneno 45 amebeba mzigo mkubwa kuliko anayesoma maneno 45 ya "the" na "cat". Kenya walilijua hilo: kigezo chao cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Chukueni kigezo cha lugha mnayofundishia, la sivyo mtawaita wajinga watoto wanaosoma vizuri.

Na msikipende kupita kiasi. Nimeona mwalimu amewafundisha watoto mbio. Wanasoma kama watangazaji wa mpira, ukiwauliza nani kafunga hawajui.

#15 Dawati la Nyuma

Hahaha, watangazaji wa mpira. Lakini kasi ina maana gani basi kama kuelewa ndiko kunakotakiwa?

#16 Babu Kurasa

Dawati, kichwa kina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Mtoto anayeungaunga "m-ku-li-ma a-li-ye" ameijaza nafasi yote kwa silabi, hapabaki pa kuwekea maana. Ndio wale 22 wa Chaki. Kasi inafungua nafasi. Haiijazi.

Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili: kuyatambua maneno, na kuielewa lugha yenyewe hata ukisomewa. Wakasema ni kuzidisha, si kujumlisha. Sifuri upande mmoja, jibu ni sifuri. Marekani walilionja. Mpango wao wa Reading First ulimwagiwa fedha nyingi sana, na tathmini ya mwisho ya 2008 ikakuta watoto wa darasa la kwanza wanaunga maneno vizuri zaidi, lakini kwenye ufahamu hakuna tofauti ya maana.

Kuna jaribio la 1988 la Recht na Leslie ninalipenda. Waliwapa wanafunzi maandishi kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Maana yake nini kwa mpango? Kwamba ukifuta vipindi vya sayansi, historia na jiografia ili "kuongeza muda wa kusoma", unakata tawi ulilokalia. Mtoto ataunga neno "mmomonyoko" bila kosa, na asiwe na chochote kichwani cha kulitundikia.

#17 Kinara wa Imla

Sasa vitabu, kama nilivyoahidi. Shule moja niliyofundisha ilipokea makasha ya hadithi. Vizuri kweli, picha za rangi. Vikawekwa kwenye kabati ofisini, kabati likafungwa, ufunguo ukawa kwenye kamba ya mkuu. Sababu: "watavichafua." Miaka miwili baadaye tukavikabidhi kwenye ukaguzi vikiwa vipya kabisa na tukapongezwa kwa utunzaji.

Kama mpango wa wilaya unaweza kuandika sentensi moja tu kuhusu vitabu, iandike hii: kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakidaiwi kwa mtu yeyote. Mkuu wa shule akijua hatakatwa mshahara kwa ukurasa uliochanika, kabati litafunguka lenyewe.

#18 Mama Mapacha

Kinara nakupa maua yako. Wanangu walikatazwa kuja na kitabu nyumbani kwa sababu hiyohiyo.

#19 Msafiri wa Nyanda

Mnajisumbua. Waongezeni walimu mishahara mtaona watoto watakavyosoma.

#20 Mzee wa Hoja

Msafiri, mshahara nauunga mkono mikono miwili, anzisha uzi wake nije. Ila hata mshahara ukipanda leo, kesho asubuhi yule mtoto wa "shaba" bado anaandika "shaba".

#21 Chaki Nyeupe

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa napambana na ratiba kama Mkaguzi alivyosema. Siku nne. Mwalimu wa hesabu alinigomea mpaka nikamwonyesha watoto wangapi wanakosa mafumbo ya hesabu kwa sababu hawawezi kuyasoma. Kipindi cha pili asubuhi, darasa la tatu hadi la tano, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa tumeiacha kwa ajili ya kuwasomea hadithi kwa sauti, wote pamoja, mwalimu anasoma na wao wanasikiliza tu.

Nimefuta asilimia 75. Kwenye safu ya lengo nimeandika: "Kufikia mwisho wa muhula wa pili, katika watoto 15 waliokwama kwenye maneno, asibaki hata mmoja kwenye ngazi hiyo. Katika 22 wanaoungaunga, angalau nusu wasome aya ngeni na kueleza imesema nini." Muhula, si miaka mitatu. Miaka mitatu watoto hawa watakuwa wanajiandaa kuondoka.

Semina elekezi nimeifuta pia. Badala yake, kila Alhamisi mchana mwalimu mmoja anafundisha somo la kusoma wenzake wakiwa wamekaa nyuma. Nilianza mimi ili nisionekane natuma watu. Nilichemka vizuri tu, nilisahau kuwauliza watoto chochote, nikasoma mwenyewe robo tatu ya kipindi. Kinara angenicheka.

Mwalimu mkuu amekubali kundi la wale 17. Hilo la mwalimu mahiri kurudi darasa la kwanza amesema tulizungumze mwaka ujao. Nimeandika tarehe.

Na imla nimewapa wale 15. Wanane ni wa "shaba". Wanne hawajashika irabu. Wawili ni wa "bea". Mmoja aliniachia karatasi tupu, na nilipomkaribia nikaona anakunja macho kuutazama ubao. Huyo hana tatizo la kusoma, hajawahi kuziona herufi. Ameandikiwa barua ya kwenda kupimwa macho. Miaka mitatu kakaa dawati la nyuma kabisa.

#22 Dawati la Nyuma

Nimebadilisha jina langu kuanzia leo.

#23 Ofisini Wilayani

Chaki, siwezi kukuahidi makocha. Ninachoweza: fomu ya muhula ujao nitaipeleka kwenye kikao ikiwa na safu tatu badala ya saba, ngazi ya kila kundi, jina la mwalimu anayelishika, na tarehe ya kuwasikiliza tena. Na nitaweka ile sentensi ya vitabu. Watabisha mhasibu na mtu wa stoo, najua. Niandalie mfano wa ukurasa uliojazwa, bila majina ya watoto, niende nao.

Swali: safu ya gharama kwenye ile fomu yako umeandika nini? Wataniuliza hiyo kwanza.

#24 Chaki Nyeupe

Daftari moja la kaunta, na nauli ya mtoto mmoja kwenda kupimwa macho.

Yule kijana wa "Nyumbani!" yuko kundi la maneno. Jana nilimpa karatasi ya sentensi tano ambazo hakuna mahali pengine zimeandikwa, nilizitunga asubuhi hiyohiyo. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna picha. Hakuna. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na safari hii kidole hakikwenda popote mpaka mdomo ulipofika. Sentensi mbili, dakika sita. Kesho tunaendelea na ya tatu.